Ripoti inasema yuko salama, naye bado anasinzia: uchambuzi wa kisa cha kuzoea mashine ya CPAP

Kwa nini kisa hiki

Wagonjwa wengi wanaopewa CPAP, mashine ya kusukuma hewa kooni usiku ili pumzi isikatike, huiacha mapema, na anayeiacha huitwa mkaidi. Nimechagua kisa hiki kwa sababu kilikaribia kuishia hapo hapo. Mgonjwa alikuwa amekata tamaa, nyumbani wamechoka, na wakati huohuo ripoti ya mashine ilionyesha kwamba matibabu yanakwenda vizuri. Ripoti nzuri na mtu anayeendelea kusinzia havikai pamoja bila sababu. Sababu yenyewe, ilipopatikana, ilikuwa imekaa mfukoni mwake muda wote.

Mgonjwa ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Umri kamili, kazi, mahali na tarehe vimeondolewa, na baadhi ya vipimo vimekadiriwa. Mfuatano wa matukio na maamuzi ya tiba umebaki kama ulivyokuwa.

Usuli

Ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, mwenye shingo pana. Alikuwa anatumia dawa tatu za shinikizo la damu na bado halishuki inavyotakiwa. Daktari wake alianza kushuku usingizi kwa sababu hiyo, maana shinikizo la damu lisilosikia dawa ni moja ya hali ambazo huambatana sana na pumzi kukatika usiku.

Kukoroma kwake kulijulikana na wote nyumbani. Kilichomtisha mkewe ni ukimya. Alisema: "Anakoroma, halafu kimya. Naanza kuhesabu. Halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini." Usiku aliamka mara tatu au nne kwenda kukojoa, na asubuhi aliamka na kichwa kizito na mdomo mkavu. Mchana alisinzia popote alipokaa kimya. Yeye mwenyewe haya yote alishayazoea. Kilichomleta kliniki ni gari: alijikuta amehama upande wake wa barabara bila kujua, akazinduliwa na honi.

Kwenye kipimo cha kusinzia cha Epworth, kilichotungwa na Murray Johns mwaka 1991, alipata 16. Kipimo hiki humuuliza mtu uwezekano wa kusinzia katika hali nane za kawaida, alama ya juu ni 24, na mtu akizidi 10 anahesabiwa kuwa anasinzia kupita kawaida.

Kipimo cha usiku mzima kilionyesha pumzi yake inakatika au kupungua mara 41 kwa saa. Hesabu hii, inayojulikana kwa herufi AHI, hujumlisha kila mara hewa inaposimama kwa sekunde 10 au zaidi, pamoja na kila mara inapopungua kiasi cha kushusha oksijeni au kumshtua mtu. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni kali. Oksijeni yake ilishuka mpaka asilimia 76. Hali ilikuwa mbaya zaidi alipolala chali, na mbaya kuliko zote alipokuwa kwenye usingizi wa ndoto. Hilo la usingizi wa ndoto lilikuwamo kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, na baadaye ndilo lililoeleza mengi.

Kwa asiyefahamu ugonjwa huu: tunapolala misuli ya koo hulegea. Kwa mtu mwenye njia nyembamba, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma na kuziba. Kifua kinaendelea kuvuta, hewa haipiti, oksijeni inashuka, na ubongo unamshtua mtu kidogo ili koo lifunguke. Mara nyingi hakumbuki. Kule kuvuta kwa nguvu huku koo limefungwa hutanua vyumba vya moyo, moyo ukadhani mwili umejaa maji, ukatoa homoni inayoziambia figo zitoe mkojo zaidi. Ndiyo maana mtu wa aina hii anahangaika na choo usiku kucha bila kuwa na tatizo la kibofu.

Mashine ya CPAP haitoi oksijeni. Inachukua hewa ya chumbani, inaichuja, na kuisukuma kwa nguvu ya kutosha kulizuia koo lisijifunge. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza njia hii katika jarida la Lancet mwaka 1981, kwa wagonjwa watano, na hewa waliipitisha puani. Huo upande wa pua tutaurudia.

Mpango wa mwanzo

Alipewa mashine inayojirekebisha yenyewe, ikiwa na kiwango cha kiwandani: msukumo kati ya sentimita 4 na 20 za maji, kipimo cha nguvu ya hewa. Uamuzi huu ulikuwa na mantiki. Mashine ya aina hii humwepusha mgonjwa na usiku mwingine wa kupimwa, kwa sababu inatafuta yenyewe msukumo unaofaa. Barakoa ilikuwa ya puani, saizi ya kati, iliyochaguliwa kwa kutazama uso. Alionyeshwa jinsi ya kuivaa akiwa amekaa kwenye kiti, mashine ikiwa imezimwa. Aliambiwa asiendeshe gari safari ndefu, na asiguse usukani kabisa siku anayojisikia usingizi, mpaka itakapothibitika kwamba amepata nafuu.

Tangi la maji la kulainisha hewa lilikuwamo kwenye boksi. Hakulitumia. Aliogopa maji yatapanda kwenye mpira na kuingia puani, na hakuna aliyemuuliza kama amelijaza.

Wiki za mwanzo

Usiku wa kwanza aliivumilia kwa saa moja hivi. Hewa ilianza kwa msukumo wa 4, na kwa mtu mzima mwenye mwili, kiasi hicho mara nyingi ni kidogo mno: mtu anahisi hewa haimtoshi, anavuta kwa nguvu, na hofu inaanza hapo. Kwa kuwa mashine inaanza chini makusudi ili mgonjwa asisumbuke, ni rahisi kusahau kwamba huko chini nako kunasumbua.

Usiku uliofuata alilala nayo, lakini alfajiri aliikuta sakafuni na mpira unapuliza hewa chumbani. Hakukumbuka kuivua. Ikawa hivyo karibu kila siku. Mkewe alilalamika juu ya mluzi: hewa ilikuwa inatoka pembeni ya pua na kumpiga usoni. Mgonjwa akafanya ambalo wengi hufanya, akakaza mikanda. Mluzi ulipungua kidogo, lakini kwenye mwanzi wa pua kukatokea alama nyekundu, kisha kidonda kidogo. Mdomo ulikauka kuliko hata kabla ya mashine.

Kila asubuhi alibonyeza kitufe kuona matokeo. Skrini ilimwonyesha AHI ya 4, wakati mwingine 3. Akajiambia kwamba ugonjwa umeisha. Mchana bado alikuwa anasinzia, kwa hiyo akahitimisha kwamba kusinzia kwake hakuhusiani na koo, na kwamba mashine ni mzigo usio na faida. Kwa taarifa alizokuwa nazo, hitimisho hilo halikuwa la kijinga.

Jibu la kwanza: barakoa ya kufunika pua na mdomo

Alipopiga simu kulalamika juu ya mdomo mkavu, alibadilishiwa barakoa. Sababu ilionekana wazi: hewa inatokea mdomoni, basi tufunike na mdomo.

Hali ilizidi. Barakoa kubwa ina ukingo mrefu zaidi wa kubana usoni, kwa hiyo ina sehemu nyingi zaidi za kuvujia. Mikanda yake, ikikazwa, huvuta kidevu nyuma, na ulimi hufuata kidevu. Wagonjwa wengi huhitaji msukumo mkubwa zaidi na barakoa hii kuliko ile ya puani, na kwake usiku mwingine ulipanda kupita 15. Akaanza kuamka tumbo limejaa hewa, anacheua mpaka saa nne asubuhi. Juu ya yote, kufunikwa uso mzima kulimletea woga ambao hakuwa nao mwanzoni. Aliirudisha mashine kwenye boksi, akaliweka boksi juu ya kabati, na pale likakaa zaidi ya wiki.

Siku mkewe alipokuja naye

Alirudi kliniki kwa sababu mkewe alikataa kulala chumba kimoja na ule ukimya. Safari hii tulitoa kadi ya kumbukumbu ya mashine, tukafungua picha ya usiku mmoja mmoja, dakika kwa dakika, badala ya ile karatasi ya wastani wa mwezi.

Mambo matatu yalionekana. Wastani wa kuvaa ulikuwa chini kidogo ya saa tatu, na karibu siku zote barakoa ilivuliwa kati ya saa nane na saa tisa usiku. Uvujaji ulikuwa mdogo alipoanza kulala, ukawa unapanda taratibu. Na msukumo ulipanda pamoja na uvujaji, hatua kwa hatua, mpaka pale mstari ulipokatika ghafla. Mchoro wa usiku mmoja ulifanana na wa usiku mwingine. Mtu mkaidi hachori mchoro wa aina hiyo. Mkaidi haivai kabisa, au anaivua akiwa macho.

Swali likawa: ni nini kinachobadilika ndani ya saa mbili tatu za mwanzo? Tulimuuliza dawa anazotumia, akazitaja zile tatu za shinikizo la damu. Mkewe akamtazama, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la mumewe, akaweka mezani chupa ndogo ya plastiki.

"Na hii nayo ni dawa, dada? Maana haiachi."

"Hiyo si dawa," mgonjwa akasema. "Ni ya mafua tu."

Yalikuwa matone ya kufungua pua, ya aina inayouzwa bila cheti cha daktari. Chupa ilikuwa imebonyea katikati kwa kukamuliwa, na lebo imefutika. Alikuwa ameyatumia kila jioni kwa wiki nyingi, tangu kabla ya mashine, na mara nyingine aliyarudia usiku wa manane. Dawa hizi hubana mishipa ya damu ndani ya pua, uvimbe unapungua na hewa inapita. Zimetengenezwa kwa matumizi ya siku chache. Zikiendelea, pua huzizoea: nguvu zake zinapoisha uvimbe hurudi mkubwa kuliko mwanzo, na kila safari nafuu inadumu muda mfupi zaidi. Aidha, zinaweza kupandisha shinikizo la damu, na huyu alikuwa mtu wa dawa tatu.

Mchoro sasa ulisomeka wote. Alilala pua ikiwa wazi. Baada ya saa chache matone yaliisha nguvu, pua ikaziba, mdomo ukafunguka wenyewe, na hewa ikaanza kutokea huko. Mashine iliona njia inabana ikadhani ni koo, ikaongeza msukumo. Msukumo ukaongeza uvujaji na ukavu, na ukavu ukazidisha uvimbe wa pua. Mwishowe mkono ukaivua barakoa, mwenye mkono akiwa amelala fofofo.

Maamuzi na sababu zake

Pua ilitangulizwa kuliko kitu kingine chochote. Daktari wa pua aliangalia, akakuta kuta za ndani zimevimba pande zote mbili, na hakuna uvimbe wa nyama wala mfupa uliopinda sana. Matone yaliachwa tundu moja baada ya jingine ili asikose hewa pande zote kwa pamoja. Akaanzishiwa dawa ya steroidi ya kupuliza puani, pamoja na kuosha pua kwa maji ya chumvi jioni. Alielezwa waziwazi kwamba dawa ya steroidi haifungui pua papo hapo, inahitaji siku kadhaa mpaka wiki mbili, na kwamba wiki ya kwanza bila matone itakuwa ngumu. Tulimwonyesha pia kuelekeza ncha ya chupa upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati ya pua, maana ukuta ule ukipulizwa moja kwa moja hukauka na kutoka damu. Jambo dogo, lakini watu huacha dawa nzuri kwa sababu ya damu hiyo.

Tangi likajazwa maji yaliyoondolewa madini, ya kubadilishwa kila siku, na hewa ikapashwa joto la wastani. Hofu yake ya maji kupanda ilikuwa na msingi: hewa yenye unyevu ikipita kwenye mpira uliopoa, matone hutokea. Mashine ikawekwa chini ya usawa wa kitanda, na mpira ukavishwa kitambaa.

Barakoa ilirudi ya puani, saizi ndogo kuliko ile ya kwanza. Ilijaribiwa akiwa amelala chali kitandani, mashine imewashwa, hewa ikiwa kwenye msukumo anaoutumia usiku. Uso wa mtu aliyelala haukai kama uso wa mtu aliyeketi. Mashavu hurudi pembeni na mikanda hulegea. Tuliivuta barakoa mbele kidogo mpaka mto wake wa silikoni ukajaa hewa, tukairudisha taratibu, kisha tukakaza mikanda mpaka pale tu uvujaji ulipokoma. Alishangaa ilivyokuwa imelegea. Mto ule unaziba kwa kujaa hewa, na ukikandamizwa sana unajikunja na kufungua njia.

Kuhusu msukumo, tulitafuta kwenye kadi zile sehemu za usiku ambazo uvujaji ulikuwa mdogo, tukaona kilichomtosha hapo ni kama 10. Kiwango kikawekwa kati ya 7 na 12. Chini pakapandishwa ili asihisi kukosa hewa anapoanza kulala, juu pakapunguzwa ili mashine isikimbizane na uvujaji. Ile nafuu ya kupunguza msukumo wakati wa kutoa pumzi ikawashwa.

Woga ulihitaji muda wake. Mtu aliyekwisha kuhisi anakabwa hatulizwi kwa kuambiwa hakuna cha kuogopa. Alianza mchana, akiwa macho, ameketi, anasikiliza redio: kwanza anaishika barakoa usoni kwa mkono wake bila mikanda, hewa ikipuliza, na anaiondoa akitaka. Siku zilizofuata akafunga mikanda. Kisha akajilaza nayo wakati wa kupumzika mchana. Usiku alirudi nayo pale alipoweza kukaa nayo nusu saa bila kuiwazia. Tulimwambia akiamka na kukuta ameivua, aivae tena bila kujilaumu, na akikosa usingizi kwa muda mrefu atoke kitandani, asilale pale akipigana nayo.

Mkewe alikuwa ameshazoea kumwamsha kwa ukali. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyependekeza: "Ukiona nimeivua, niguse bega tu, nitajua." Wakakubaliana hivyo.

Tulimpigia simu siku ya nne, bila kusubiri miadi ya mwezi. Tafiti za matumizi ya CPAP zimeonyesha kwamba tofauti kati ya watakaoitumia na watakaoiacha huanza kujitokeza ndani ya wiki ya kwanza. Anayesubiriwa mwezi mzima mara nyingi ameshaamua.

Matokeo

Wiki ya kwanza bila matone ilikuwa mbaya kama tulivyomwonya, na usiku mbili hakuvaa kabisa. Baada ya hapo pua ilianza kufunguka. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anavaa mashine kwa saa nne na zaidi, na baada ya miezi miwili zaidi ya saa sita kwa usiku mwingi. Uvujaji ulishuka. Kidonda cha pua kilipona chenyewe. Tumbo kujaa hewa kuliisha karibu mara moja baada ya kiwango cha juu kupunguzwa.

Alama ya Epworth ilishuka kutoka 16 hadi 8. Safari za choo usiku zikawa moja, au hakuna. Aliruhusiwa kurudi kuendesha gari baada ya daktari kuangalia ripoti na kumhoji mkewe, ambaye ushahidi wake kuhusu kusinzia ni wa kuaminika kuliko wa mgonjwa anayetaka funguo zake.

Shinikizo la damu lilishuka, ila kidogo, na dawa zote tatu aliendelea nazo. Kwa wastani CPAP hushusha shinikizo la damu kwa milimita chache tu za zebaki. Kwa huyu, kuacha matone huenda nako kulichangia. Mgonjwa alitarajia kuachana na vidonge, na ilibidi tulizungumze hilo mapema ili asione amedanganywa.

Mwezi wa tatu alipata mafua ya kawaida akaacha mashine kwa siku kadhaa. Kusinzia kulirudi ndani ya siku hizo hizo. Akataka kununua matone tena, mkewe akapiga simu kwanza. Aliongeza kuosha pua, akapandisha unyevu, akaruhusiwa kupumzika usiku ambao pua imeziba kabisa huku ameinua kichwa na kulala ubavu.

Uchambuzi

Jambo zito kuliko yote ni ile namba ya asubuhi. AHI inayoonyeshwa na mashine inahesabu saa ambazo mashine imevaliwa, basi. Saa ambazo barakoa iko sakafuni hazimo. Tufanye hesabu yake: alilala saa saba, tatu kwa mashine zenye AHI ya 4, nne bila mashine ambako AHI yake ni 41. Hiyo ni 12 kujumlisha 164, jumla 176, gawanya kwa saba: kama 25 kwa saa. Skrini ilimwonyesha mtu mzima wa afya, kumbe kwa usiku wote alikuwa bado mgonjwa wa kiwango cha wastani, karibu na kali.

Na hata hiyo 25 inampendelea. Usingizi wa ndoto huja zaidi kadiri alfajiri inavyokaribia, na kwenye kipimo chake cha kwanza pumzi zilikatika vibaya zaidi huko. Saa tatu za mwanzo alizolindwa zilikuwa zenye usingizi mzito, ambao koo lake lilikuwa na afadhali. Saa alizoachwa ndizo alizohitaji mashine kuliko zote. Ndiyo maana hakuona tofauti yoyote mchana. Kwa hiyo ripoti isomwe kwa kuanza na saa za kuvaa, kisha uvujaji, na AHI mwishoni. Mpangilio wa skrini nyingi ni wa kinyume, na mgonjwa husoma anachoonyeshwa.

Kuna kiwango cha saa nne ambacho hutajwa sana: kuvaa angalau saa nne kwa asilimia 70 ya siku ndani ya siku 30 mfululizo. Hiki ni kigezo cha bima ya Medicare ya Marekani cha kuamua nani aendelee kulipiwa. Kimeenea mpaka watu wanakichukulia kama dozi. Mtu mwenye kisa cha namna hii akivaa saa nne za mwanzo kila siku anatimiza kigezo na anabaki amechoka. Mwaka 2016 utafiti mkubwa ulioitwa SAVE, uliowahusisha watu 2,717 wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi, haukukuta kwamba CPAP ilipunguza matukio ya moyo na mishipa, ingawa usingizi wa mchana ulipungua na hali ya maisha iliboreka. Wastani wa kuvaa katika kundi la mashine ulikuwa saa 3.3 kwa usiku. Watu wanabishana hadi leo kuhusu maana ya matokeo hayo, na mimi nikiutazama mchoro wa mgonjwa huyu sishangai kwamba saa tatu zilifanya kidogo.

Barakoa kubwa ilishindwa kwa sababu ilijibu dalili. Hewa ilitoka mdomoni, na swali la kwa nini mdomo unafunguka halikuulizwa. Wapo wanaoihitaji kweli, hasa ambao pua yao haifunguki kwa tiba yoyote, na kwao ni msaada mkubwa. Kuitumia kama hatua ya kwanza kwa kila mwenye mdomo mkavu ni kuruka uchunguzi wa pua, na uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache.

Swali la dawa nalo liliulizwa vibaya. Mtu akiulizwa "unatumia dawa gani" hutaja alizoandikiwa. Matone, mafuta ya kupaka, vidonge vya usingizi alivyopewa na jirani, hivyo kwake si dawa. Swali lililofaa ni: unaweka nini puani kabla ya kulala, na unameza nini. Vidonge vya usingizi huyu hakuwa navyo, lakini vinaulizwa kwa uzito uleule, kwa sababu baadhi yake hulegeza koo zaidi, kama ulevi unavyofanya.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni mazoezi ya mchana. Hayagharimu kitu na hayahitaji kifaa kipya, lakini yanamrudishia mtu mamlaka ya kuiondoa barakoa kwa mkono wake anapotaka. Kuwapo kwa mkewe kulikuwa na uzito uleule. Alileta taarifa ambayo mgonjwa asingeileta, na namna yake ya kumwamsha ilipobadilika, mashine iliacha kuwa chanzo cha ugomvi chumbani.

Tusichoweza kukisema ni hatua ipi ilileta nafuu kubwa zaidi. Pua, barakoa, unyevu na kiwango cha msukumo vilibadilishwa ndani ya wiki hiyo moja. Kwa kufundishia ingependeza kubadilisha kimoja kimoja. Kwa mtu aliyekwisha kuiweka mashine juu ya kabati, na ambaye anaendesha gari, kusubiri hivyo hakukubaliki. Ninadhani pua ilibeba sehemu kubwa, kwa sababu saa za kuvaa zilipanda sambamba na kufunguka kwake, lakini hiyo ni dhana ya mtu aliyeitazama kadi moja.

Uzito wake haujabadilika. Utafiti uliofuatilia watu kwa miaka minne, uliochapishwa mwaka 2000, ulikadiria kwamba kupungua uzito kwa asilimia 10 huenda sambamba na AHI kushuka kwa asilimia 26 hivi. Kwa aliyeanzia 41 hiyo ingemfikisha kama 30, bado kwenye kali. Kwa hiyo kupungua kunamfaa kwa mengi, likiwamo shinikizo la damu, na mashine anaihitaji hata akifanikiwa.

Kichwa kizito cha asubuhi, ambacho bado humjia baadhi ya siku, hakijaelezwa. Ripoti inaonyesha siku hizo nyingi ni zile alizolala chali, na msukumo hugusa 12 na kubaki hapo mpaka alfajiri, dalili kwamba kikomo cha juu tulichokiweka huenda sasa ni kidogo kwake katika mkao huo. Amepangiwa kupimwa oksijeni usiku mmoja akiwa amevaa mashine, kikomo kikiwa 13, na pua ikiwa imeangaliwa tena kabla.